Manchester by the Sea: Filamu ya majonzi na mzigo wa ulezi

FILAMU ya Marekani iitwayo Manchester by the Sea, iliyoonyeshwa kwa mara ya kwanza katika tamasha la Sundance Januari 2016, ni miongoni mwa kazi chache za senema zinazothubutu kusema kwamba yapo majonzi yasiyopona, na kwamba hata mtu aliyevunjika moyo hudaiwa wajibu na familia yake.

Filamu hiyo, yenye urefu wa saa mbili na dakika 17, ilitungwa na kuongozwa na Kenneth Lonergan. Casey Affleck aliigiza nafasi ya Lee Chandler, mfanyakazi wa usafi na matengenezo ya majengo katika mji wa Quincy, karibu na Boston, anayeishi peke yake katika chumba kimoja.

Lee anapata habari kuwa kaka yake, Joe, amefariki dunia kwa maradhi ya moyo. Anarejea Manchester-by-the-Sea, mji mdogo wa pwani katika jimbo la Massachusetts, akikusudia kusimamia mazishi na kuondoka. Wakili anapomweleza yaliyomo katika wosia, anabaini kuwa marehemu alimteua kuwa mlezi wa mwanawe, Patrick, mwenye umri wa miaka 16, bila kumtaka shauri.

Kusita kwake hakutokani na ubinafsi. Miaka kadhaa kabla ya hapo, watoto wake watatu waliteketea kwa moto nyumbani mjini humo, baada ya yeye kwenda dukani usiku bila kuweka kizuizi mbele ya meko. Polisi walimwachia huru kwa kuwa uzembe ule haukuwa jinai. Ndoa yake na Randi, nafasi iliyoigizwa na Michelle Williams, ilivunjika.

Uhalisia wa filamu hiyo umo katika mambo madogo. Ardhi imeganda kwa baridi, hivyo maiti ya Joe inalazimika kuhifadhiwa katika jokofu mpaka majira ya kuchipua. Patrick, aliyekuwa akiendelea na michezo na bendi yake kana kwamba hakufiwa, anashikwa na hofu na kulia usiku mmoja, baada ya nyama iliyoganda kumwangukia kutoka katika friza.

Februari 2017 filamu hiyo, iliyokuwa ikiwania tuzo sita za Oscar, ilitwaa mbili: ya mwigizaji bora wa kiume, aliyoipata Affleck, na ya mswada bora wa filamu usiotokana na kazi nyingine, aliyoipata Lonergan.

Mwisho wake hauna miujiza. Lee anakiri kuwa hawezi kuishi tena katika mji huo, na anapanga Patrick alelewe na George, rafiki wa familia. Hata hivyo hamtupi kijana huyo: anapotafuta makazi Boston, anataka yawe na chumba cha ziada, ili mtoto wa kaka yake apate pa kulala atakapokuja kumtembelea baba yake mdogo.