Kutakata (katika mchezo wa bao)

Kutakata, kwa istilahi ya bao la kiswahili, ni kucheza zamu bila ya kula kete za mpinzani. Na kwa kuwa mchezo ufunguliwapo, kila mchezaji akiwa ametia kete 6 katika nyumba yake na mbili mbili katika mashimo mawili yaliyo kuumeni kwa nyumba hiyo, akabakisha 22 mkononi, hakuna shimo lenye kete lililokabiliana na lenziwe, mwenye zamu ya kwanza hana budi kutakata, atake asitake.

Wanafunzi wa bao huiona zamu hiyo kuwa hasara. Bingwa huiona kuwa ndipo ulinzi unapojengwa. Nyumba, ambayo ni shimo la tano kutoka kushoto katika safu ya mbele, na aghalabu huchongwa mraba, ndiyo hazina ya mchezaji, nayo hailiki kwa pigo la kwanza la zamu maadamu shimo la mpinzani linaloikabili ni tupu. Basi mwenye hadhari hulivizia shimo hilo, na kila likiingia kete hulila kabla halijawa kinywa cha kumlia yeye. Kete za mkononi zikiisha, na awamu ya pili, yaani mtaji, ikaanza, huweza hata kulitakasia shimo moja la mpinzani asiye na la kula, kwa kulitishia peke yake, hata asiruhusiwe kutakata kwalo, isipokuwa kwa masharti machache.

Na bao lenyewe lilifikaje bara? Njia ya misafara ya Bagamoyo na Tabora ilipita Mpwapwa na Ugogo, ambako wasafiri walikaa wakilipa hongo na kutafuta maji. Kisha reli ikafika Dodoma mwaka 1910. Kwa rai ya mwandishi, bao hili la komwe, lenye mashimo 32 na kete 64, lilipanda kwa njia hizo hadi nyanda za kati.

Kuhifadhi mchezo kwa maandishi nako kuna faida: katika sataranji, Ulinzi wa Kifaransa, ambapo mwenye weusi hukijibu kitunda cha mfalme kilichoruka hatua mbili kwa kusogeza chake hatua moja tu, ulipata jina kwa mashindano ya barua baina ya London na Paris yaliyoanza 1834, ambayo kila hatua yake iliandikwa. Bao nalo lilichunguzwa na mtafiti Alexander de Voogt, ambaye kitabu chake juu ya mabingwa kilitoka Leiden mwaka 1995. Lakini michezo mingi mizuri hufutika wakati kete zinapokusanywa. Yeyote aandaaye mashindano ya mkoa, Dodoma au kwingineko, na amweke karani wa kuandika kila hatua kando ya bao.