Naivasha Katika Miaka ya Kutokaribiana

Jirani mwema ni yule aingiaye bila kubisha sana. Ndivyo watu wa Afrika ya Mashariki walivyofundishana tangu zamani, na desturi zao nyingi zimejengwa juu ya msingi huo. Mkono hutolewa kwa salamu, mgonjwa hutazamwa kitandani, maiti husindikizwa na umati, na chakula huliwa pamoja. Mwezi wa Machi, mwaka wa 2020, watu wa Kenya waliambiwa kwamba mambo hayo yote sasa yangeweza kuua. Aliyempenda ndugu yake alitakiwa kukaa mbali naye. Insha hii yaeleza jinsi amri hiyo ilivyoishi katika mji mmoja, Naivasha, na yauliza swali ambalo historia haina budi kuliuliza juu ya kila amri: Ni nani aliyelipa gharama yake?

Naivasha ni mji wa Bonde la Ufa, katika Kaunti ya Nakuru, mwendo wa kilomita 90 hivi kutoka Nairobi. Hapo pana ziwa la maji yasiyo na chumvi, na kusini-mashariki yake umesimama mlima Longonot. Mji huu huishi kwa mambo matatu, nayo ni maua, wageni na barabara kuu. Maua, hasa mawaridi, hulimwa katika mabanda makubwa ya nailoni kandokando ya ziwa. Yakisha kuchumwa na kupangwa, hupelekwa Nairobi kwa magari yenye baridi, kisha hupandishwa ndege kwenda Ulaya. Wageni huja kutazama viboko na ndege wa ziwani, na kutembea katika mbuga ya Hell's Gate. Barabara kuu nayo hupitisha malori yatokayo Mombasa kwenda Uganda, Rwanda na Kongo. Tazama, msomaji, kwamba nguzo zote tatu hutegemea watu wa mbali: mnunuzi wa Ulaya, mgeni wa Nairobi, na dereva apitaye.

Maradhi ya kuambukiza hayakuwa jambo geni katika bonde hili. Katika miaka ya 1890 sotoka iliua ng'ombe wa Wamasai kwa wingi, na ndui ikawafuata watu waliokuwa tayari wamedhoofishwa na njaa. Mwezi wa Septemba, mwaka wa 1918, homa kuu ya mafua ilifika Mombasa kwa njia ya bahari, ikapanda bara pamoja na reli, ile reli ipitayo Naivasha kwenda kwenye ziwa la Viktoria. Ilikuta nchi imechoshwa na vita, na wanaume wengi walikuwa wamepotelea katika kazi ya uchukuzi wa mizigo ya jeshi. Hata dawa ya kuwatenga watu ni ya kale. Neno karantini lilitokana na hesabu ya siku 40, ambazo meli zilizoshukiwa zilingojeshwa nje ya bandari ya Venice. Kwa hiyo lililokuwa jipya mwaka 2020 ni ukubwa wa utengano wenyewe, kwani karibu dunia nzima ilifunga milango kwa wakati mmoja.

Shirika la Afya Duniani lilitangaza tarehe 11 Machi 2020 kwamba korona imekuwa janga la ulimwengu. Siku mbili baadaye Kenya ilitangaza mgonjwa wake wa kwanza, na tarehe 15 Machi Rais Uhuru Kenyatta aliamuru shule zifungwe. Amri zilifuatana upesi. Makanisa, misikiti na baa zilifungwa. Ndege za abiria kutoka nchi za nje zilizuiwa. Tangu tarehe 27 Machi hakuna aliyeruhusiwa kuwa nje kati ya saa moja jioni na saa kumi na moja alfajiri, isipokuwa wenye kazi za lazima. Barakoa ikawa sheria. Matatu ya viti 14 iliruhusiwa kubeba abiria 8 tu, na arusi na mazishi yakawekewa mpaka wa watu 15.

Maisha ya kila siku yalibadilika hata katika mambo madogo. Mbele ya maduka palitokea ndoo zenye mfereji na kipande cha sabuni, na aliyetaka kuingia alinawa kwanza. Watu walisalimiana kwa kiwiko, au kwa kuinamisha kichwa. Fedha zilipita kwa simu kuliko kwa mkono, kwa kuwa ada ya kutuma kiasi kidogo kwa M-Pesa iliondolewa hadi mwisho wa mwaka. Mama wa mboga, ambaye mauzo yake mema yalikuwa ya jioni wakati wafanyakazi warudipo, alilazimika kufunga kibanda kabla ya jua kutua. Mwenye matatu aliyepoteza karibu nusu ya viti vyake alipandisha nauli, na aliyelipa nauli hiyo alikuwa yule yule ambaye mshahara wake ulikuwa umepungua.

Pigo kubwa, lakini, lilitoka mbali. Nchini Uholanzi, karibu na Amsterdam, uko mnada wa maua wa Aalsmeer, ambako maua ya Naivasha huuzwa pamoja na ya nchi nyingine nyingi. Katikati ya Machi 2020, hoteli na mikahawa ya Ulaya ilipofungwa, bei zilianguka ghafula, na maua mengi yasiyopata mnunuzi yakaharibiwa. Ulikuwa msimu mwema. Siku ya akina mama nchini Uingereza iliangukia tarehe 22 ya mwezi huo, na mashamba yalikuwa yameotesha kwa ajili yake. Waridi halijui amri ya serikali, nalo huchanua siku yake ikifika. Huko Naivasha maua yalichumwa yakatupwa kwenye mashimo ya mbolea, na maelfu ya wafanyakazi wakapelekwa likizo bila mshahara, au kwa mshahara uliopunguzwa. Soko lilipoanza kuamka katikati ya mwaka, nafasi katika ndege zilikuwa haba na gharama ya kusafirisha ilikuwa imepanda, maana ndege za abiria, ambazo pia hubeba mizigo, zilikuwa zimeacha kuruka.

Wafanyakazi hao wengi hukaa Karagita na Kamere, vijiji vya vyumba vya kupanga kando ya barabara ya kusini ya ziwa. Chumba kimoja ni cha kulala, cha kupikia na cha kupokea wageni. Choo na bomba la maji ni vya wapangaji wote. Amri ilisema watu wasimame mbalimbali kwa mita moja na nusu. Mwenye nyumba yenye uwanja aliitii kwa kufunga lango lake. Mwenye chumba cha Karagita hakuwa na mahali pa kuutoa umbali huo: akibaki ndani yumo pamoja na watu watano, akitoka yuko katika foleni ya maji. Tena mwaka huo huo ziwa lilifurika kuliko lilivyopata kuonekana kwa miaka mingi. Katika mtaa wa Kihoto maji yaliingia majumbani, jamaa nyingi zikahama na kwenda kusongamana kwa ndugu na marafiki. Hivyo walioambiwa wasikaribiane walisukumwa na maji wakaribiane.

Jambo la kukumbukwa ni kwamba mwaka 2020 Naivasha yenyewe haikufungwa. Tarehe 6 Aprili serikali ilizuia watu kuingia na kutoka Nairobi na viunga vyake, na kizuizi cha upande huu kiliwekwa Rironi, kabla ya barabara kuteremka bondeni. Magari ya chakula na mizigo yalipita, watu hawakupita. Katika ramani Naivasha ilikuwa nje ya kizuizi, huru kabisa. Lakini hoteli zake zilikuwa tupu, kwa sababu wageni wake walikuwa upande wa pili wa Rironi. Kizuizi kilikaa hadi tarehe 7 Julai. Mwaka uliofuata mambo yaligeuka. Tarehe 26 Machi 2021, maambukizi yalipozidi, kaunti tano za Nairobi, Kiambu, Machakos, Kajiado na Nakuru zilifanywa eneo moja na kufungwa pamoja. Sasa Mnaivasha aliweza kwenda Nairobi bila kuzuiwa, lakini hakuweza kwenda Narok wala Nyandarua, kwa majirani wake wa siku zote. Eneo hilo lilifunguliwa tarehe 1 Mei 2021.

Isidhaniwe kwamba amri hizi zilikuwa za upumbavu. Ugonjwa huu husafiri kwa pumzi, na mwaka 2020 Kenya haikuwa na chanjo yake. Chanjo za kwanza, zipatazo milioni moja, zilifika Nairobi mwezi wa Machi 2021. Vitanda vya wagonjwa mahututi vilikuwa vichache nchini, na wagonjwa wangalijaa kwa siku moja wangalikosa hata hewa ya kuwasaidia kupumua. Kutokaribiana kulichelewesha maradhi, na kuchelewesha ni kuokoa. Hata hivyo Kenya iliandika vifo zaidi ya 5,600 vya ugonjwa huu. Kila hesabu ya namna hiyo ni mtu aliyezikwa na wachache, huku wengi wakimlilia kwa mbali.

Lakini amri njema yaweza kutekelezwa vibaya. Siku ya kwanza ya kafyu, kule Likoni, Mombasa, polisi waliwapiga watu waliokuwa wakingojea feri ili warudi makwao, na siku chache baadaye Rais aliomba radhi kwa makosa ya namna hiyo. Tendo hilo lilikuwa na kinyume chake, maana kuwapiga watu ili wasikaribiane kuliwasonga pamoja wakikimbia.

Nanyi wanafunzi mlikuwa na fungu lenu. Shule zilikaa kimya kwa miezi karibu saba. Tarehe 12 Oktoba 2020 walirudi wachache, wakiwamo wa darasa la nane na kidato cha nne, na wengine wote wakarudi tarehe 4 Januari 2021. Mitihani ya taifa ya 2020 ilifanywa mwaka wa 2021, mwezi wa Machi na Aprili, na kwa sehemu ya wakati huo Nakuru ilikuwa imefungwa. Katika miezi ile masomo yalitolewa kwa redio, televisheni na intaneti. Mtoto mwenye simu nzuri na chumba chake alisoma. Mtoto wa chumba kimoja, ambaye mama yake ameachishwa kazi ya maua, alikuwa na redio kama jirani anayo, na utulivu kama wadogo zake wamelala. Umbali uliowatenga watoto hao wawili ulikuwapo kabla ya korona. Miezi ile ilimfanya kila mtu auone.

Kafyu iliondolewa katika nchi yote tarehe 20 Oktoba 2021. Mikono ilirudi kupeana salamu, na magari ya wageni yakateremka tena kutoka Rironi. Ni rahisi kusahau taabu iliyokwisha. Hata hivyo Naivasha imetuachia fundisho. Amri moja ilitolewa kwa watu wote, lakini mzigo wake haukugawanywa sawasawa. Waliolindwa na umbali huo walikuwa wengi, na waliolipa zaidi ni wale ambao riziki yao ilikuwa mbali na vyumba vyao vilikuwa karibu mno. Taifa likihitaji tena watu wake wakae mbalimbali, na huenda likahitaji, haki yataka lihesabu kwanza nani ana uwanja na nani ana chumba, nani ana akiba na nani ana kibarua cha leo, kisha limchukulie mnyonge sehemu ya mzigo wake. Hapo watu wataweza kukaa mbali kwa miili bila kuachana.