Edward Steere

Edward Steere (London, 4 Mei 1828 – Zanzibar, 27 Agosti 1882) alikuwa mmisionari na askofu wa Kanisa Anglikana kutoka Uingereza, aliyefanya kazi Zanzibar na kusini mwa nchi ambayo leo ni Tanzania. Anakumbukwa kwa mambo mawili: kanisa kuu la Kristo alilolijenga Mkunazini, mahali palipokuwa soko la watumwa, na vitabu vyake vya lugha ya Kiswahili, ambavyo vilichangia kwa kiasi kikubwa namna Kiswahili kinavyoandikwa hadi leo.

Maisha ya awali

Steere alisoma sheria London hadi kupata shahada ya udaktari, akakubaliwa kuwa wakili mwaka 1850. Uwakili haukumkalia. Mwaka 1856 alipewa daraja la ushemasi, akahudumu katika parokia ndogo za Kiingereza, ya mwisho ikiwa Little Steeping katika mkoa wa Lincolnshire. Mwaka 1858 alimwoa Mary Beatrice Brown. Mke wake alikuwa na afya dhaifu na kwa sehemu kubwa alibaki Uingereza, hivyo miaka ya Afrika Steere aliiishi karibu peke yake.

Jirani yake huko Lincolnshire alikuwa kasisi William Tozer. Tozer alipochaguliwa kuwa askofu wa misheni ya Afrika ya Kati, Steere alikubali kumsindikiza kwa muda tu, ili amsaidie kuanza. Muda huo uligeuka kuwa maisha yake yote.

Kutoka mto Shire hadi Zanzibar

Misheni hiyo ilitokana na hotuba ya David Livingstone katika Chuo Kikuu cha Cambridge mwaka 1857. Vyuo vikuu vya Oxford, Cambridge, Durham na Dublin viliungana kuianzisha, ndiyo maana ikaitwa Misheni ya Vyuo Vikuu kwa Afrika ya Kati, kwa kifupi UMCA. Mwanzo wake ulikuwa mbaya. Kundi la kwanza lilikwenda nyanda za juu za mto Shire, katika Malawi ya leo, likakuta vita, njaa na biashara ya watumwa. Askofu wao wa kwanza, Charles Mackenzie, alikufa kwa homa mwezi Januari 1862, na wenzake kadhaa wakamfuata.

Tozer na Steere walipofika mwaka 1863 waliona kwamba hapakaliki. Walijaribu kukaa mlima Morumbala karibu na mto huo, kisha Tozer akaamua kuhamisha misheni yote hadi Zanzibar. Livingstone alikasirika sana. Kwake ilikuwa kukimbia. Lakini hoja ya Tozer ilikuwa na uzito: njia za misafara ya bara zilianzia pwani, na lugha ya pwani ilisafiri pamoja na misafara hiyo. Walifika Zanzibar mwezi Agosti 1864.

Wanafunzi wao wa kwanza hawakujiandikisha wenyewe. Sultani Majid aliwapa wavulana watano waliokamatwa katika jahazi lililobeba watumwa kinyume cha sheria. Watoto hawa walikuwa wametoka makabila mbalimbali ya bara, wasiojuana wala kuelewana kwa lugha za mama zao. Mmoja wao, John Swedi, ndiye aliyekuja kuwa shemasi wa kwanza Mwafrika wa misheni hiyo, akipewa daraja na Steere mwaka 1879. Baadaye shule ya wavulana iliwekwa Kiungani, nje kidogo ya mji, na mwaka 1871 misheni ilinunua shamba Mbweni kwa ajili ya watu wazima walioachwa huru.

Kazi ya lugha

Steere alianza kujifunza Kiswahili mara alipofika. Hakuwa wa kwanza. Johann Ludwig Krapf alikuwa amefika Mombasa miaka ishirini kabla yake, akaandika sarufi iliyochapishwa mwaka 1850. Ila Krapf alifuata Kimvita, na Steere alifuata Kiunguja, lugha ya mji aliokaa. Tofauti hii, ambayo wakati huo ilikuwa jambo la anwani ya nyumba tu, ilikuja kuwa na matokeo makubwa.

Wasaidizi wake walikuwa watu wa mjini wenye elimu ya Kiislamu. Aliyejulikana zaidi ni Sheikh Abdulaziz bin Abdulghani al-Amawi, mwanachuoni kutoka Barawa aliyekuwa kadhi Zanzibar. Watu hawa wawili walijadiliana dini zao waziwazi, kila mmoja akibaki na yake, na bado sheikh alimsaidia mgeni wake katika tafsiri. Wasomaji wa Biblia ya Kiswahili ni nadra kukumbuka kwamba maneno kama sala, dhambi, nabii na malaika yalikwisha kukaa katika lugha hii kwa karne nyingi kabla ya wamisionari, na kwamba Waislamu ndio waliowafundisha wageni hao namna ya kuyatumia.

Tangu Uingereza Steere alijua kazi ya kupiga chapa. Misheni ilikuwa na mtambo wake, na wavulana wa shule walifundishwa kupanga herufi. Humo zilitoka karatasi za masomo, sala, hadithi, na orodha za maneno ya lugha nyingine, maana wanafunzi wenyewe walikuwa hazina ya lugha za bara. Kwa njia hii alikusanya pia maelezo ya Kisambaa, Kinyamwezi na Kiyao.

Mwaka 1870, akiwa Uingereza kwa mapumziko marefu, alitoa vitabu viwili. Cha kwanza kilikuwa mwongozo wa lugha ya Kiswahili kama isemwavyo Zanzibar, wenye sarufi na msamiati. Alipanga majina katika ngeli nane, akihesabu umoja na wingi pamoja. Katika tahajia alifuata kanuni rahisi: irabu zisomwe kama za Kiitalia, konsonanti kama za Kiingereza. Ndiyo maana tunaandika ch, sh na j jinsi tunavyoandika. Kitabu hicho kilirekebishwa baadaye na Arthur Madan wa misheni hiyohiyo, kikaendelea kutumika kwa miongo mingi.

Cha pili, Swahili Tales, ni mkusanyo wa hadithi alizozipata kwa wasimulizi wa Zanzibar, zikiwa na Kiswahili upande mmoja na Kiingereza upande wa pili. Humo mna kisa cha punda wa dobi, Sultani Darai na paa wake, Sultani Majinuni, na habari za Liongo. Wamisionari wengi wa zama zake waliona hadithi za aina hii kuwa upuuzi. Steere aliziandika kama zilivyosimuliwa, na kwa baadhi yake nakala hiyo ni miongoni mwa za zamani kabisa tulizonazo kwa herufi za Kilatini.

Jambo la herufi lina upande wake mwingine. Waswahili walikuwa wakiandika lugha yao kwa herufi za Kiarabu tangu zamani, na tendi zao zilihifadhiwa hivyo. Shule za misheni zilifundisha herufi za Kilatini, serikali za kikoloni zikafuata, na polepole mtu aliyesoma kwa utaratibu wa zamani akaanza kuhesabiwa kuwa hajui kusoma. Steere hakukusudia hilo, lakini vitabu vyake ni sehemu ya historia hiyo.

Katika tafsiri ya Biblia alianza na Injili ya Mathayo na Zaburi, akaendelea hadi Agano Jipya lote likapatikana. Biblia nzima ilitoka mwaka 1891, wenzake wakiwa wameikamilisha.

Kanisa la Mkunazini

Mwezi Juni 1873, kwa shinikizo la Uingereza, Sultani Barghash alitia sahihi mkataba wa kupiga marufuku biashara ya watumwa kwa njia ya bahari na kufunga masoko yake. Soko la Mkunazini lilikuwa la wazi, mahali pa mwisho ambapo watumwa waliuzwa hadharani mjini. Kasisi Arthur West wa misheni alinunua sehemu ya kiwanja, na sehemu nyingine ilitolewa na mfanyabiashara Mhindi. Jiwe la msingi liliwekwa siku ya Krismasi 1873. Wakati huo Tozer alikuwa amejiuzulu kwa sababu ya afya, na tarehe 24 Agosti 1874 Steere akawekwa wakfu kuwa askofu katika Westminster Abbey.

Aliporudi alikuwa askofu na msimamizi wa ujenzi kwa pamoja. Alisimama juani kila siku na mafundi, akitumia mawe ya matumbawe na saruji. Paa ndilo lililozua maneno: ni tao moja refu lisilo na boriti, na wengi mjini walisubiri lianguke. Halikuanguka. Nguzo kadhaa za upande wa magharibi zimesimama kichwa chini, na wageni huambiwa kwamba mafundi walizikosea askofu alipokuwa safarini. Madhabahu, kwa mapokeo ya kanisa, iko mahali palipokuwa mti wa kuchapia watumwa. Ndani mna pia msalaba uliotengenezwa kwa mti wa Chitambo, mahali ulipozikwa moyo wa Livingstone.

Watalii wengi huonyeshwa vyumba vya chini katika jengo lililo karibu, wakiambiwa kwamba watumwa walifungiwa humo. Wanahistoria wanakataa: jengo hilo lilijengwa na misheni yenyewe baada ya soko kufungwa. Mateso ya soko lile yanathibitishwa vya kutosha na habari za walioliona, wala hayahitaji vyumba hivyo. Sanamu za watumwa wenye minyororo shingoni zilizo uani ni kumbukumbu ya mwaka 1998.

Safari za bara na Masasi

Steere hakuwahi kukubali kwamba Zanzibar ndiyo mwisho wa safari. Mwaka 1875 alitembea kutoka Lindi hadi Mwembe, kwa mfalme Mataka wa Wayao, akitafuta njia ya kufikia ziwa Nyasa. Mwaka uliofuata aliondoka tena Lindi akiongoza watu zaidi ya hamsini walioachwa huru, wanaume na wanawake, waliotaka kurudi kwao. Nia ilikuwa kufika karibu na ziwa. Walipofika Masasi waliona ardhi nzuri na maji, wakasema hapa panatosha, na askofu akakubali. Alimwacha William Percival Johnson na wengine wawatunze, yeye akarudi pwani.

Masasi ikawa mojawapo ya vituo vikuu vya Uanglikana kusini mwa Tanzania. Lakini wazo la kijiji cha walioachwa huru lilikuwa na udhaifu, kama ilivyoonekana pia Mbweni: wakazi walibaki chini ya mkono wa misheni, ambayo ilikuwa mwenye ardhi, mwalimu na hakimu wao kwa pamoja. Tena kijiji hakikuwa na ulinzi. Mwezi Septemba 1882 wapiganaji Wangoni, waliojulikana huko kama Magwangwara, walikivamia, wakaua watu na kuchukua mateka. Baadhi ya watu waliokombolewa utumwani mara moja walikamatwa mara ya pili.

Kifo na baada yake

Habari hiyo Steere hakuisikia. Alikuwa amerudi kutoka Uingereza siku chache tu, akafariki ghafla Zanzibar tarehe 27 Agosti 1882, akiwa na umri wa miaka 54. Alizikwa ndani ya kanisa alilolijenga, nyuma ya madhabahu. Mke wake alifariki mwaka uliofuata. Nafasi yake ilichukuliwa na Charles Smythies, ambaye mwaka 1890 alimpa Cecil Majaliwa upadri, Mwafrika wa kwanza wa misheni hiyo kufikia daraja hilo. Majaliwa aliletwa Zanzibar akiwa mtoto mtumwa.

Mwaka 1930, kamati ya nchi za Afrika Mashariki ilipoanza kazi ya kusanifisha Kiswahili, lahaja iliyochukuliwa kuwa msingi ilikuwa Kiunguja. Watu wa Mombasa, wenye Kimvita na ushairi wao mkubwa, hawakufurahi, na malalamiko hayo bado husikika. Biashara ya misafara na utawala wa Wajerumani, waliotumia Kiswahili ofisini, vilikwisha kukisambaza Kiunguja bara; lakini kamati ilipohitaji sarufi, tahajia na vitabu vilivyokwisha kuchapishwa katika lahaja hiyo, vingi vya mwanzo vilikuwa vya Steere na wapigachapa wake.