Zao la pili baada ya mavuno (Eldoret)

Zao la pili ni mmea wa muda mfupi unaopandwa bila kumwagiliwa, ukitegemea unyevu uliobaki udongoni baada ya zao kuu. Mashariki mwa India hufuata mpunga. Kandokando ya Eldoret, Kaunti ya Uasin Gishu, mita 2,100 hivi juu ya usawa wa bahari, hufuata mahindi na ngano.

Kikwazo ni kalenda. Msimu wa mvua ni mmoja, takriban Machi hadi Septemba, na mahindi ya nyanda za juu kama H614 hukaa shambani miezi sita hadi minane. Yakivunwa Oktoba au Novemba, kiangazi kimeshabisha hodi. Ndiyo maana wakulima wengine hawangoji: majani ya chini yakianza kukauka huyapukutisha ili mwanga upenye, kisha huchomeka maharagwe katikati ya mistari. Dengu (zile nene zenye ncha, si ndengu za kijani) huvumilia ukavu zaidi kwa kuwa mzizi wake huzama; Chuo Kikuu cha Egerton, Njoro, kimezifanyia utafiti.

Adui mwingine ni ng'ombe. Mavuno yakiisha, mifugo hufunguliwa ile mabua, na shamba lisilo na ua halifikishi maharagwe guniani.