Wao Wana Rhino Charge, Sisi Tunafukuzwa

Mwezi jana nilikasirika hadharani. Tulikuwa watano, nduthi tano, tunapanda kijia cha msitu ambacho sitakitaja, na marenja wakatushusha. Hatukuwa na msumeno, hatukuwa na makaa, hata panga hatukuwa nayo. Tulikuwa tunaendesha tu, kwa raha zetu. Walituhutubia kama nusu saa hivi, wakatusindikiza hadi barabarani, na hapo ndipo mmoja wetu akatoa ile sentensi ambayo nimeirudia kwa kila mtu aliyekubali kunisikiliza: "Mbona wale wadosi wa Rhino Charge wanaruhusiwa?"

Basi nikaenda kuchimba historia, nipate risasi za kuwapiga nazo. Risasi nyingi zimenirudia mwenyewe.

Tuanzie hapa nyumbani. Kwenye ramani za mkoloni, Kipkelion iliitwa Lumbwa, jina ambalo wageni waliwabandika Wakipsigis wote. Reli ya Uganda ilipita hapa ikielekea ziwani, ambako ilifika 1901. Mwaka uliofuata, 1902, serikali ikawa na idara ya misitu. Usidhani ni kwa sababu walipenda ndege. Garimoshi za wakati huo zilichoma kuni, na mtu anayechoma kuni kiasi hicho lazima atake kujua ni nani mwingine anakata. Kwa hivyo injini ya kwanza kuingia msitu wa huku haikuwa ya nduthi. Ilikuja kwa reli, ilikuwa na njaa, na ilikuwa na kibali cha serikali.

Kufunga msitu maana yake kuna watu wamefungiwa nje. Waogiek waliishi Mau kwa mizinga ya nyuki na uwindaji, kila ukoo na eneo lake. Tume ya Ardhi ya Carter ilipotoa ripoti yake 1934, ilipendekeza wahamishiwe kwenye maeneo ya makabila makubwa, yaani wamezwe. Mwaka huohuo familia za Talai zikaanza kung'olewa Kericho kupelekwa Gwassi, kwa sheria iliyotungwa kwa ajili yao peke yao. Na huku chini kwenye ardhi nzuri, ekari 25,000 za Wakipsigis zilikuwa zimeshapewa maafisa Waingereza waliojeruhiwa kwenye Vita vya Kwanza ili walime kitani. Kitani kikakataa. Chai ikaingia. Hiyo ndiyo Kericho unayopiga nayo picha.

Waogiek hawakuomba kuingia msituni kutembea. Waliomba wasifukuzwe kwao. Baada ya notisi nyingine ya kuwaondoa 2009, kesi yao ilifika hadi Arusha, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu. Tarehe 26 Mei 2017 mahakama ikasema Kenya imekiuka haki zao, na kwamba kisingizio cha kulinda Mau hakishiki, kwa sababu si wao walioiharibu. Tarehe 23 Juni 2022 ikaagiza walipwe shilingi 157,850,000. Nikisoma hayo, ile nusu saa yangu ya kuhutubiwa ikaanza kunionea aibu.

Kulikuwa na mlango mmoja uliobaki wazi kwa maskini, na wazee wetu wengi waliupitia. Kuanzia 1910, mkoloni alileta mfumo wa shamba: unapewa kipande msituni, unalima mahindi na viazi katikati ya miche ya serikali, unaipalilia mpaka ikue, halafu unahamishwa mbele. Ni chakula kwa jasho. Ona basi: garimoshi liliingia kwa sababu lilikuwa la mwenye nchi, mkulima aliingia kwa sababu alileta mikono. Hakuna aliyewahi kuingia kwa sababu tu ana hamu.

Sasa tuje kwa magari, ambako mimi na nyinyi tunapenda. Joginder Singh, yule waliyemwita Simba wa Kenya, alizaliwa Kericho 1932. Kericho hii hii! Alishinda Safari Rally 1965 kwa Volvo akiwa na ndugu yake Jaswant, akarudia 1974 na 1976 kwa Mitsubishi Lancer. Safari yenyewe ilianza 1953 kusherehekea kutawazwa kwa Malkia Elizabeth, na kwa miaka mingi ilikimbiwa kwenye barabara za kawaida zisizofungwa, dereva wa rali anakutana na matatu, ng'ombe na mama anayetoka sokoni. Hakukuwa na haja ya kuomba ruhusa ya msitu, maana barabara za umma zenyewe zilikuwa vichaka. Baada ya 2002 ikatolewa kwenye ubingwa wa dunia, na iliporudi 2021 ilikuwa kiumbe kingine: hatua fupi zilizofungwa, nyingi zikiwa Naivasha kwenye ranchi na hifadhi za watu binafsi kama Kedong na Soysambu. Kila kipande cha vumbi mle kina mwenyewe aliyeketi mezani akakubali.

Na Rhino Charge? Hapa ndipo niliposhikwa pabaya, kwa sababu kile nilichokuwa nikisema kilikuwa uongo. Samahani kwa wote niliowaambia.

Rhino Charge ilianza 1989 na magari 31. Wakati huo majangili walikuwa wanamaliza vifaru weusi wa Aberdare, na shirika la Rhino Ark lilitaka pesa za kujenga ua wa umeme. Mchezo wenyewe ni huu: mna vituo 13, mna saa 10, na hakuna njia. Unakata porini, mabonde na mawe, na mshindi si mwenye kasi bali aliyetembea umbali mfupi zaidi. Mahali pa mashindano hubaki siri mpaka siku zikaribie, na hubadilika kila mwaka. Na hawaendeshi ndani ya msitu wanaouchangia. Wanakwenda kwingine kabisa, kwenye nchi kavu za jamii na za watu binafsi, mara Samburu, mara Baringo, mara Kajiado. Ua wa Aberdare ulikamilika 2009, kama kilomita 400, ukizunguka mlima wote. Baadaye wakamaliza Eburu, 2014, ambao ni kona ya Mau yetu wenyewe.

Kwa hivyo pesa za injini zilijenga ua ambao unazuia, pamoja na mengine, injini. Nilicheka peke yangu.

Lakini msinielewe vibaya, sijawa msemaji wao. Kuingiza gari Rhino Charge unahitaji kukusanya michango ya mamilioni, na mamilioni hukusanywa na mtu ambaye rafiki yake ana kampuni. Mdosi akitaka kucheza na gari hupewa kikao na chai. Kijana wa boda akitaka kucheza na pikipiki huulizwa amebeba nini. Na hapa lazima tuambiane ukweli pia: serikali iliondoa kodi kwenye pikipiki ndogo 2008, nduthi zikajaa hadi kijiji cha mwisho, na baada ya maziwa na mahindi zikaanza kubeba na makaa na mbao za usiku. Sote tunawajua wanaobeba. Tunawaita kwa majina ya utani. Renja akisikia mlio wa nduthi saa mbili usiku, ana sababu ya kuamka. Sheria ya misitu ya 2016 yenyewe inakataza kuwa ndani ya msitu wa umma usiku bila kibali, labda uwe kwenye barabara au kijia kinachotambuliwa.

Nikaendelea kuisoma hiyo sheria, nikakutana na kitu ambacho hakuna aliyewahi kuniambia. Inasema jamii inayopakana na msitu inaweza kuunda chama, ndivyo hivi watu huita CFA, ikakubaliana na serikali juu ya mpango wa kuusimamia msitu, na kupewa haki za matumizi. Haki zimeorodheshwa: asali, kuni, majani ya mifugo, dawa. Na katikati ya orodha hiyo imo burudani, pamoja na utalii. Burudani! Sheria ya 2005 ilikuwa nayo pia. Tangu nikiwa mtoto wa kuchezea matope, karatasi ilikuwa inasema kwamba raha ni sababu halali ya kuingia msituni, mradi uje kwa jina la kikundi na si kwa kutoroka.

Marekani walipitia vita hivihivi. Pikipiki za nyikani zilipozidi kwenye ardhi za umma, Rais Nixon alisaini amri 8 Februari 1972: kila idara yenye ardhi ichore ramani, itenge njia zilizo wazi na zilizofungwa, na njia hizo ziwekwe pale zitakapoharibu udongo, mito na wanyama kwa kiasi kidogo kabisa. Wamegombana mahakamani juu ya ramani hizo hadi leo, lakini angalau wanagombana juu ya mstari uliochorwa. Sisi tunakimbizana kwenye kitu ambacho hakuna aliyekichora.

Tatizo langu la mwisho silo la sheria, ni la udongo. Huku si Baringo. Mvua ya Londiani na Tinderet ndiyo inayoulisha mto Nyando. Kipchoria inayopita hapa Kipkelion inaingia humo, na Nyando inashuka mpaka Ahero, ambako watu hulala juu ya meza kila mafuriko yakija. Tairi yenye meno ikipita mara hamsini mahali pamoja mlimani inachimba mfereji, na mfereji haurudi juu. Nimewahi kuuona mmoja tuliouanza sisi kwa mzaha. Mwaka uliofuata ulikuwa unanifika magotini.

Kwa hivyo hiki ndicho nimewaambia mbogi, na wawili wamenitukana tayari. Tusiombe msitu wa asili, hata kidogo. Tuombe barabara kuukuu za mashamba ya miti ya serikali, zile lori za mbao zilishazigonga, na tuombe miezi ya kiangazi tu, Desemba hadi Februari. Tujiunge na CFA kwanza kama wanachama wa kawaida, tupande miche kama wengine, tuzibe mifereji yetu wenyewe kabla hatujataja neno pikipiki. Anayebeba makaa asije na sisi, hata kama ni binamu yangu, na ni binamu yangu.

Mmoja ameniuliza, kwani tukipanda miche miaka miwili halafu watukatalie? Sina jibu la hilo. Wazee waliolima shamba kwa jasho nao walihamishwa.

Jumamosi hii tunapanda kwa miguu, na ruhusa tumeomba. Tunabeba kamba ya mita na daftari, tunahesabu kila kijito kinachokata ile barabara ya lori na kupima upana wake. Nduthi tunaziacha kwa mama wa chapati pale steji, amesema atazichunga kwa mia moja.