Roland-Garros: pale bingwa anaangushwa, masupota wanakuwa upande gani?

Siku ya Mungu, tarehe 31 mwezi wa tano 2009, mu uwanja mkubwa wa Roland-Garros, mjini Paris, kulitokea jambo ambalo hakuna mtu aliyelingojea. Rafael Nadal wa Uhispania, namba moja wa dunia katika tenisi, alipigwa na Robin Söderling wa Uswidi kwa 6-2, 6-7, 6-4, 7-6. Tangu afike pale mara ya kwanza mwaka 2005, Nadal alikuwa amecheza mechi 31 na kuzishinda zote 31, na kombe alikuwa amelibeba mara 4 mfululizo. Tena wiki chache mbele ya pale, mjini Roma, alikuwa amemchapa Söderling huyu huyu 6-1, 6-0.

Sehemu kubwa ya watu waliokuwa wameketi uwanjani siku ile walikuwa upande wa Söderling. Walimshangilia, na pale Nadal alipokosa mpira, makofi yalisikika. Kiisha mechi, Nadal hakuficha kwamba jambo hilo lilimuhuzunisha. Toni Nadal, baba yake mdogo ambaye alimfundisha tangu utoto, aliwalaumu watu wa Paris waziwazi.

Bingwa huyo alikuwa na miaka 22, na hakuwa amemkosea mtu yeyote. Sasa kwa nini watu walifurahia kuanguka kwake? Na furaha ya namna ile inaishia wapi, matusi yanaanzia wapi? Swali hilo linarudi Roland-Garros karibu kila mwaka.

Uwanja wa matofali ya kusagwa

Roland-Garros ni moja ya mashindano 4 makubwa ya tenisi duniani, pamoja na yale ya Australia, Wimbledon na Marekani. Inachezwa mwisho wa mwezi wa tano na mwanzo wa mwezi wa sita. Uwanja ulijengwa mwaka 1928, na jina lake ni la rubani wa ndege Mfaransa, Roland Garros, aliyevuka bahari ya Mediterania kwa ndege bila kutua mwaka 1913, kisha akafa vitani mwaka 1918.

Udongo mwekundu unaoonekana mu televizyo ni unga wa matofali ya kuchoma yaliyosagwa, uliomwagwa juu ya tabaka la mawe meupe ya chokaa. Unga wenyewe ni mwembamba sana, kama milimita 2 tu. Juu ya udongo ule mpira unapunguza mwendo na kuruka juu. Mtu mwenye nguvu nyingi ya kuanzisha mpira anapoteza sehemu ya faida yake, maana mpinzani anapata wakati wa kuukimbilia. Ndiyo maana Pete Sampras wa Marekani, aliyeshinda mashindano makubwa 14, hakufika hata siku moja kwenye fainali ya Paris.

Wanaume wanacheza mpaka mmoja apate seti 3, wanawake mpaka seti 2. Seti inakwenda kwa yule anayefikisha gemu 6, akiwa amemzidi mwenzake kwa gemu 2. Wakifika 6-6, wanacheza gemu moja ya kuamua, ile watu wanaitaka taibreki. Wachezaji 128 wanaanza, na mshindi ni yule anayepiga wapinzani 7. Wakubwa 32 wanatenganishwa tangu mwanzo ili wasikutane mapema. Kwa hiyo, bingwa akitolewa siku za kwanza, mara nyingi aliyemtoa ni mtu ambaye jina lake halikujulikana sana.

Kuna alama nyingine ya udongo: mpira ukigusa chini unaacha kovu. Mchezaji akibisha, mwamuzi anashuka kwenye kiti chake, anakwenda kutazama alama mwenyewe. Watu wote uwanjani wanangojea, na makelele yanapanda.

Kwa nini mdogo anapendwa

Sababu ya kwanza ni rahisi: watu wanachokaka kumuona mshindi ni yule yule. Mwaka 2009, wengi mu Paris walikuwa wanampenda Roger Federer wa Uswisi, aliyekuwa ameshinda mashindano mengine yote makubwa lakini kule alikuwa amepigwa na Nadal kwenye fainali 3 mfululizo. Nadal akitoka, njia inafunguka. Na ni vile ilikuwa. Tarehe 7 mwezi wa sita, Federer alimpiga Söderling kwenye fainali 6-1, 7-6, 6-4, akapata kombe la Paris kwa mara yake ya kwanza.

Sababu ya pili ni njaa ya Wafaransa wenyewe. Mwanaume Mfaransa wa mwisho kushinda Roland-Garros ni Yannick Noah, mwaka 1983. Baba yake Zacharie alikuwa mchezaji wa mpira wa miguu kutoka Kameruni, na Yannick alikomelea Yaounde. Ni kule Arthur Ashe, Mmarekani mweusi bingwa wa tenisi, alimuona akiwa mtoto mwaka 1971 na kusaidia apelekwe Ufaransa kujifunza. Siku alipompiga Mats Wilander, aliyekuwa bingwa wa mwaka uliotangulia, baba yake aliruka kuingia uwanjani kumkumbatia. Kwa upande wa wanawake, Mary Pierce alishinda mwaka 2000. Tangu pale, hakuna tena. Kwa hiyo Mfaransa yeyote akimtisha mkubwa, uwanja mzima unasimama naye.

Hiyo ilionekana tarehe 29 mwezi wa tano 2012. Serena Williams wa Marekani hakuwa amepigwa hata mara moja kwenye mechi ya kwanza ya shindano kubwa: mechi 46, ushindi 46. Mbele yake alikuwa Virginie Razzano, Mfaransa namba 111 wa dunia. Mwaka mmoja mbele ya pale, Razzano alikuwa amefiwa na mchumba wake kwa ugonjwa wa kichwani. Serena alishinda seti ya kwanza, na mu taibreki ya pili alikuwa mbele 5-1. Pointi 2 tu zilibaki. Razzano akachukua pointi 6 mfululizo. Mu seti ya tatu miguu yake ilikazana kwa uchovu, akaadhibiwa juu ya kupiga kelele za maumivu wakati mpira ungali unachezwa, lakini akashinda 4-6, 7-6, 6-3. Gemu ya mwisho peke yake ilichukua zaidi ya dakika 20.

Siku ile watu walishangilia, na ni vigumu kuwalaumu. Serena mwenyewe alibaki Paris kufanya mazoezi na mwalimu mpya, Patrick Mouratoglou. Mwaka uliofuata alibeba kombe pale pale, akawasemesha watu kwa Kifaransa. Walimpigia makofi.

Pale furaha inageuka

Lakini kuna siku ambazo uwanja ulivuka mpaka. Mfano unaojulikana zaidi ni fainali ya wanawake ya siku ya posho, tarehe 5 mwezi wa sita 1999. Martina Hingis wa Uswisi, namba moja wa dunia, miaka 18, alicheza na Steffi Graf wa Ujerumani, aliyekuwa karibu kumaliza kazi yake. Hingis alikuwa mbele seti moja na 2-0, alafu mpira wake mmoja ukasemwa kuwa umetoka inje. Akazunguka wavu, akaenda upande wa Graf kuonyesha alama kwenye udongo. Sheria haikubali hivyo, akanyanganywa pointi. Tangu dakika ile watu walimzomea.

Hata vile alifika 5-4 mu seti ya pili, yeye ndiye wa kuanzisha mpira, akahitaji gemu moja tu. Hakuipata. Mwishoni alianzisha mpira kwa kuupiga kutoka chini, na miluzi ikaongezeka. Graf alishinda 4-6, 7-5, 6-2. Hingis alikimbia kutoka uwanjani akilia, akarudi kwa ajili ya zawadi akiwa ameshikwa na mama yake.

Kuna ulinganisho ambao wapenzi wa tenisi wanauletaka tena na tena. Mwaka 1989, mu uwanja ule ule, Michael Chang wa Marekani, miaka 17, akiwa na maumivu ya misuli, naye alianzisha mpira kutoka chini alipokuwa anamuangusha Ivan Lendl, namba moja wa dunia. Watu walicheka na kumshangilia, na hadithi yake inasimuliwa mpaka leo kama mfano wa ujasiri. Ujanja ni ule ule, lakini Chang alikuwa mdogo anayempiga mkubwa, na Hingis alikuwa mkubwa aliyeanza kushindwa.

Sheria ya 2024 na usiku wa Boisson

Mwaka 2024 mambo yalifika mbali zaidi. David Goffin wa Ubelgiji, nyuma ya kumpiga Mfaransa Giovanni Mpetshi Perricard kwa seti 5, alisema kwamba alitukanwa muda wote, na kwamba mtu mmoja alimtemea chingamu. Siku chache tu nyuma yake, mkubwa wa shindano, Amélie Mauresmo, ambaye naye alikuwa namba moja wa dunia zamani, alitangaza kwamba hakuna tena kunywa pombe kwenye viti vya watazamaji, na kwamba anayevuka mpaka atatolewa inje.

Mwaka 2025 ikaja zamu ya Loïs Boisson, Mfaransa wa miaka 22, namba 361 wa dunia. Mwaka mmoja mbele, goti lake lilikuwa limeharibika muda mfupi tu mbele ya shindano, akakosa nafasi aliyokuwa amepewa. Sasa alimtoa Jessica Pegula, namba 3, kisha Mirra Andreeva wa Urusi, namba 6, mwenye miaka 18. Mechi na Andreeva iliisha 7-6, 6-3. Kelele zilimsumbua Andreeva sana, akapiga mpira kwa hasira mpaka kwa watazamaji, mwamuzi akamuonya, nao wakamzomea. Boisson alifika nusu-fainali, akasimamishwa na Coco Gauff wa Marekani, ambaye ndiye aliyebeba kombe. Tangu mwaka 2011 hakuna mwanamke Mfaransa aliyekuwa amefika mbali hivyo.

Uwanja ule ule unaokumbuka

Watu wa Paris hawashangilii kuanguka tu. Mwaka 2015, Novak Djokovic wa Serbia alimpiga Nadal kwenye robo-fainali, alafu Stan Wawrinka wa Uswisi akamshangaza kwenye fainali kwa 4-6, 6-4, 6-3, 6-4. Wakati wa zawadi, watu walisimama wakampigia Djokovic makofi marefu, mpaka machozi yakamtoka. Mwaka uliofuata alirudi, akashinda.

Na Nadal? Nyuma ya siku ile ya 2009 alishinda Roland-Garros mara 10 tena, jumla makombe 14. Mu mechi 116 alizocheza pale, alipigwa 4 tu: na Söderling, mara 2 na Djokovic, na mara ya mwisho na Alexander Zverev wa Ujerumani mwaka 2024.

Tarehe 25 mwezi wa tano 2025, siku ya Mungu tena, alirudi uwanjani bila raketi. Watazamaji walikuwa wamevaa mipira yenye rangi ya udongo, iliyoandikwa maneno ya kumshukuru. Federer, Djokovic na Andy Murray walikuja kumsalimia. Kando ya wavu kulifunuliwa bamba dogo lenye alama ya mguu wake na namba 14, mu uwanja ule ule ambapo miaka 16 mbele yake watu walifurahi kumuona akitoka.