Elgon View na Majina ya Nchi za Afrika

Utangulizi

Katika Eldoret, mji mkuu wa Kaunti ya Uasin Gishu nchini Kenya, umo mtaa uitwao Elgon View. Kwa umbo lake jina hili ni la Kiingereza, na maana yake ni mahali pa kuutazamia mlima Elgon. Lakini neno Elgon lenyewe si la Kiingereza. Wapo wanaolihusisha na jina la Kimaasai, Ol Doinyo Ilgoon, yaani mlima wenye umbo la titi. Na wapo wanaolihusisha na watu wa jamii ya Kony, ambao zamani walikaa katika mapango ya mlima huo. Upande wa pili wa mpaka, Wagisu wa Uganda huuita Masaba. Basi mlima mmoja, wenye kimo cha mita 4,321, unatajwa kwa ndimi mbalimbali, na mtaa ulioazima jina lake umeliambatisha na ulimi mwingine tena.

Hali hii si ya mtaa huo peke yake. Ramani nzima ya bara la Afrika imefanyika vivyo hivyo. Aghalabu husemwa kwamba majina ya nchi za Afrika yalitungwa na wakoloni, na kwamba uhuru ulipopatikana wananchi waliyafuta wakarudisha yao. Kauli hiyo ina kweli ndani yake, lakini si kweli kamili. Makala haya yanakusudia kuonyesha kuwa jina la nchi mara nyingi hushuhudia ulimi wa mpita njia na wa aliyemwongoza, kuliko ulimi wa mwenye nchi. Na kwamba Kiswahili chenyewe kimo miongoni mwa ndimi hizo, kwa hiyo hakiwezi kukaa pembeni kama mtazamaji tu.

Ardhi iliyohama nchi

Yafaa kuanza na ardhi ya Eldoret yenyewe. Jina Uasin Gishu ni la Wamaasai wa tawi lililotawanywa na vita vya karne ya 19, vita vya Wamaasai wao kwa wao. Watu waliondoka, jina likabaki. Wanandi wakaendelea kulisha mifugo yao katika uwanda huo.

Waingereza walipoitangaza Himaya ya Uganda mwaka 1894, na kuipanua katika miaka iliyofuata, uwanda huu uliingizwa katika Jimbo la Mashariki la Uganda. Ilipofika tarehe 1 Aprili 1902, jimbo hilo lilitolewa Uganda likatiwa katika Himaya ya Afrika Mashariki, ambayo baadaye iliitwa Kenya. Sababu mojawapo ilikuwa reli. Njia hiyo ilikuwa imefika Kisumu mwezi Desemba 1901, na serikali ya Uingereza iliona vyema iwe chini ya utawala mmoja toka Mombasa hadi ziwani. Hivyo, mtu aliyelala Uganda aliamka katika nchi nyingine bila kuvuka hata kijito. Reli nayo iliendelea kuitwa Reli ya Uganda, ingawa baada ya mwaka huo haikuwa na hata hatua moja ya njia katika nchi ya Uganda. Ilifika Eldoret mwaka 1924, na Kampala mwaka 1931.

Kosa la jina halikuishia kwenye reli. Mwaka 1903 Joseph Chamberlain, waziri wa makoloni wa Uingereza, aliwaahidi viongozi wa harakati za Wayahudi ardhi ya kukalia katika Afrika Mashariki. Ardhi iliyokusudiwa, ambayo eneo lake lilikisiwa kuwa maili za mraba 5,000 hivi, ilikuwa katika uwanda wa Uasin Gishu. Wajumbe watatu walitumwa kuikagua mwanzoni mwa mwaka 1905, na mwezi Julai mwaka huohuo mkutano wa Wayahudi uliofanyika Basel ukaikataa ahadi hiyo. Hata leo vitabu vya historia huliita jambo hilo Mpango wa Uganda, ilhali ardhi yenyewe ilikuwa imekwisha kuondolewa Uganda mwaka mzima kabla haijaahidiwa.

Msomaji aweza kudhani kuwa huo ni uzembe mdogo wa istilahi. Sivyo. Waliojadiliana huko Ulaya walijadiliana juu ya jina, na jina hilo halikuwa na Wanandi ndani yake. Waliokuwa wakilisha ng'ombe katika uwanda huo hawakuulizwa, kwa sababu katika maneno yaliyokuwa mezani wao hawakuwapo. Tarehe 19 Oktoba 1905, miezi michache baada ya mkutano wa Basel, kiongozi wa Wanandi, Koitalel arap Samoei, aliuawa na Waingereza. Mwaka 1908 Makaburu kutoka Afrika Kusini walifika na magari yao ya kukokotwa na ng'ombe, wakagawiwa mashamba yaliyopewa namba. Posta ya kwanza ilijengwa katika shamba namba 64, na kwa muda mrefu wenyeji waliuita mji kwa namba hiyo, wakiitamka Sisibo. Mwaka 1912 mji ukapewa jina la Eldoret, linalotokana na neno la Kimaasai lenye kuhusu mto wa mawe, yaani mto Sosiani. Kwa hiyo Kiingereza kilitoa namba, wenyeji wakaigeuza kuwa neno lao, na serikali ikaenda kutafuta jina katika lugha ya watu waliokwisha kuondoka.

Kiambishi U- na misafara ya bara

Sasa na tuitazame Uganda yenyewe. Wenyeji wa ufalme ulioipa nchi hiyo jina huuita Buganda. Sauti b imepotelea wapi? Jibu limo katika sarufi ya Kiswahili. Kiambishi cha kale cha Kibantu, bu-, kimebaki katika Kiganda na lugha nyingi za bara, lakini katika Kiswahili kimekuwa u-. Vivyo hivyo ba- ya watu imekuwa wa-. Baganda wakawa Waganda, na Buganda ikawa Uganda.

Wazungu waliosafiri bara katikati ya karne ya 19 hawakufika kwa ndimi zao wenyewe. Burton na Speke walipotoka Unguja mwaka 1857, na Speke alipofika kwa Kabaka mwaka 1862, waliongozwa na wapagazi na wakalimani wa msafara, na lugha ya msafara ilikuwa Kiswahili. Ndiyo maana vitabu vyao vimejaa Ugogo, Unyamwezi, Ujiji na Uganda. Waingereza walipotafuta jina la himaya yao walilikuta tayari limekwisha kutiwa kiambishi cha pwani. Ni kweli kwamba mkoloni ndiye aliyeliandika. Lakini mpagazi ndiye aliyelitamka.

Ushahidi mwingine unapatikana Burundi. Wajerumani, na baada yao Wabelgiji, waliiita Urundi, kwa umbo la Kiswahili, na himaya nzima ikawa Ruanda-Urundi. Uhuru ulipopatikana tarehe 1 Julai 1962, nchi zikawa mbili, na mojawapo ikarudisha b yake: Burundi. Uganda, iliyopata uhuru mwezi Oktoba mwaka huohuo, haikufanya hivyo, na kulikuwa na sababu ya msingi. Buganda ilikuwa sehemu moja tu ya nchi. Kuirudisha b kungaliifanya nchi nzima iwe ya Waganda, wakati Waacholi, Wanyoro, Wateso na wengine ni wananchi pia. Hapa kiambishi cha kigeni kimefanya kazi ambayo cha kienyeji kisingaliweza kuifanya: kimetenganisha ufalme na taifa.

Kenya nayo ilipata jina lake kwa kinywa cha jirani. Wagikuyu huuita mlima wao Kirinyaga. Krapf, mmisionari wa Kijerumani, aliuona mwaka 1849 akiwa katika nchi ya Wakamba, na jina aliloliandika linafuata matamshi ya Kikamba. Mwaka 1920 jina la mlima likawa la koloni zima.

Mito, kamba na rasi

Katika Afrika ya Magharibi hali ilikuwa tofauti, kwa kuwa wageni wengi walifika kwa bahari, wakayapa mahali majina kwa yale waliyoyaona toka merikebuni. Wareno walipoingia katika mto Wouri mwaka 1472 walikuta kamba wengi majini, wakauita mto wa kamba, Rio dos Camarões. Kutoka hapo tumepata Kameruni. Sierra Leone ni mlima wa simba. Cabo Verde ni rasi ya kijani, na rasi yenyewe haimo katika visiwa vyenye jina hilo, bali iko Senegal. Jina Nigeria lilipendekezwa na mwandishi wa magazeti, Flora Shaw, katika gazeti la London mwaka 1897, kwa kulitumia jina la mto Niger.

Hata majina yanayoonekana kuwa ya Kiafrika kabisa huweza kuwa na njia ndefu. Mwaka 1971 serikali ya Mobutu ililiacha jina la Kongo ikachagua Zaire kwa ajili ya kurudi kwenye asili. Lakini Zaire ni namna Wareno walivyolisikia neno la Kikongo, nzadi, lenye maana ya mto mkubwa. Na Kongo, jina lililoachwa, ndilo lililokuwa la ufalme wa wenyeji. Mwaka 1997 nchi ikarudi kuitwa Kongo.

Majina ya kuchagua

Uhuru ulileta nafasi ya kuchagua, na machaguo hayo yalikuwa ya namna mbalimbali. Ghana, mwaka 1957, ilichukua jina la dola ya kale iliyokuwa mbali sana kaskazini-magharibi, katika sehemu za Mauritania na Mali za leo. Dahomey iligeuka kuwa Benin mwaka 1975, ingawa ufalme mashuhuri wa Benin ulikuwa katika Nigeria. Majina haya hayaelezi mahali; yanaeleza dai, kwamba Mwafrika alikuwa na dola kabla ya kuja Mzungu.

Nchi nyingine zilirudi kwenye sarufi zao. Bechuanaland ikawa Botswana tarehe 30 Septemba 1966, na bo- hiyo ni ndugu wa u- ya Kiswahili. Siku nne baadaye Basutoland ikawa Lesotho. Tarehe 19 Aprili 2018 Mfalme Mswati wa Tatu alitangaza kuwa Swaziland itaitwa Eswatini. Mwenye kujua Kiswahili hahitaji kuelezwa sana juu ya umbo hilo, maana -ini ya mwisho ni jamaa ya -ni iliyomo katika nyumbani na mjini.

Burkina Faso, iliyopata jina hilo mwaka 1984 baada ya kuitwa Volta ya Juu, ilifanya jambo la hekima zaidi. Burkina latoka katika lugha ya Mooré, Faso latoka katika Kidyula, na jina la mwananchi, Burkinabè, limeazima kiishio cha Kifulfulde. Lugha tatu zimekalishwa katika jina moja. Tanzania nayo iliunganisha nchi badala ya lugha: Tanganyika na Zanzibar ziliungana tarehe 26 Aprili 1964, na jina jipya likaanza kutumika mwezi Oktoba mwaka huohuo.

Wajibu wa Kiswahili

Mifano hii inaleta swali linalomhusu kila mwandishi na mwalimu wa Kiswahili. Lugha yetu imezoea kuwataja wengine ipendavyo. Wareno hawajiiti hivyo. Jina tulilowapa linatokana na neno lao la ufalme, reino. Ethiopia iliitwa Uhabeshi, na bado wapo wanaoiita hivyo. Je, Kiswahili kifuate jina lililochaguliwa na wenye nchi, au kibaki na lake?

Côte d'Ivoire iliamua katika miaka ya 1980 kwamba jina lake lisitafsiriwe katika lugha yoyote. Cabo Verde ikafuata mwaka 2013. Wapo watakaoona kuwa ombi hilo linakinyima Kiswahili haki yake, kwa kuwa Pwani ya Pembe hueleweka na mtoto wa shule, na lile la Kifaransa halieleweki. Hoja hiyo ina uzito, lakini haitoshi. Lugha ina haki ya kulirekebisha jina ili lipate kutamkika, na ndivyo ilivyopatikana Kodivaa. Haina haki ya kuifanya nchi ya watu ionekane kana kwamba bado inasubiri kupewa jina.

Kwa hiyo kipimo kinachofaa kingekuwa hiki: matamshi yawe yetu, uchaguzi uwe wa wenye nchi. Uganda ibaki Uganda, kwa sababu Waganda na wasio Waganda wameikubali u- hiyo kuwa yao. Urundi iachwe katika vitabu vya kale, kwa sababu Warundi wameikataa.

Hitimisho

Imeonekana kuwa jina la nchi si hati ya kumiliki ardhi, wala si picha ya watu wake. Ni kumbukumbu ya mazungumzo, na mara nyingi mazungumzo hayo yalifanywa na watu wawili huku wa tatu, mwenye nchi, hayupo. Uwanda wa Uasin Gishu umeonyesha hasara ya kutokuwapo huko. Mwanafunzi anayefundishwa kwamba Uganda ni Buganda iliyopita katika kinywa cha mpagazi amejifunza sarufi na historia kwa pamoja; na akiuliza mpagazi huyo alikuwa nani, na mwenye nchi alisema nini, atakuwa amefika mahali ambapo ramani peke yake haiwezi kumfikisha.